Pesa za Shimo la Mashuuru

Mmeniuliza mara nyingi, nyinyi mliobaki pale ofisini, kwa nini kwenye mizania ya kampuni kulikuwa na mstari mmoja uliokaa peke yake miaka yote, mbali na pesa za benki, hali kila mtu alijua ni pesa na ziko benki. Nilikuwa nikiwajibu haraka haraka kwa sababu daima kulikuwa na kazi nyingine inaningoja. Sasa hakuna kazi inayoningoja. Niko na kuku, miguu inayofura jioni, na wakati. Wacha nieleze, na mnisamehe nikipita njia ndefu. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini wala nililipwa ngapi. Vyeo viliishia mlangoni siku niliyotoka, na mshahara uliishia kwenye karo.

Nilifika Kitengela nikitoka kwetu upande wa Kibwezi, na diploma ya uhasibu kwenye bahasha na viatu vyeusi nilivyokuwa nimepaka rangi mara mbili. Kampuni yetu ilichimba mawe ya chokaa, na yadi ya kuyasaga ilikuwa nje kidogo ya mji. Kufikia chai ya saa nne viatu vyangu vilikuwa vyeupe. Nikavipangusa. Kufikia mchana vilikuwa vyeupe tena. Wiki iliyofuata niliacha kuvipangusa, na nadhani hapo ndipo nilipoajiriwa kweli.

Mhasibu mkuu aliitwa Bwana Odera. Alikuwa mrefu, mwenye kuvaa koti hata Februari, na alikuwa na kalamu moja nyekundu ambayo hakumwazima mtu. Kwenye meza yake kulikuwa na mashine ya kujumlisha yenye karatasi ya kuviringishwa, ile inayopiga kelele kama cherehani. Kompyuta zilipokuja aliendelea kujumlisha kwa mashine ile, halafu akaangalia kama kompyuta imepata sawa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku ya kwanza alinipa kopo la pesa ndogo nihesabu kilichomo. Ndani nilikuta noti chache na vikaratasi vya watu waliokopa, kimoja kikiwa cha ndugu ya mkurugenzi.

"Kuna ngapi?" akaniuliza.

Nikataja noti na vikaratasi pamoja.

"Hebu chukua hicho kikaratasi uende ununue sukari," akasema, akarudi kwenye mashine yake.

Mwezi uleule alinifundisha jambo ambalo ndilo hasa nataka kuwaandikia. Benki ilikuwa imetudhamini kwa watu wa stima, yaani kampuni ya umeme, nayo ikashika pesa zetu kiasi fulani mpaka mkataba wa stima uishe. Kwenye barua za benki pesa hizo zilionekana ni zetu, kwa jina letu, senti kwa senti. Nikaenda kuziandika pamoja na zile nyingine. Odera akaweka kidole juu ya karatasi kabla kalamu yangu haijafika.

"Hizi ni zetu?"

"Ni zetu, Bwana Odera."

"Tukiishiwa na dizeli kesho, utaenda uzitoe?"

"Siwezi. Benki imezishika."

"Basi usizilaze kitanda kimoja na za dizeli." Kisha akaniuliza swali la pili: "Na zitaachiliwa lini?"

Nikasoma mkataba. Ilikuwa bado miaka kadhaa.

"Kama zingeachiliwa ndani ya mwaka mmoja baada ya kufunga vitabu, ungeziweka huku juu, kwa mali ya muda mfupi, lakini kwa mstari wake. Zikipita mwaka, zinashuka kwa mali ya muda mrefu, karibu na mashine na ardhi. Na chini kabisa, kwa maelezo, uandike nani amezishika, kwa sababu gani, mpaka lini. Anayesoma asidhani tuna pesa mkononi na hatuna."

Somo lilikuwa hilo tu. Nimehudhuria semina nyingi baada ya hapo, nyingine zikiwa na chakula kizuri, na hakuna iliyoongeza jambo la maana.

Miaka michache baadaye mawe ya karibu yakaanza kupungua, kampuni ikatafuta ardhi Mashuuru. Familia kadhaa za Wamaasai zilikuwa tayari kukodisha, lakini palikuwa na jambo. Mkandarasi mwingine alikuwa amechimba hapo kabla yetu, akamaliza, akapakia vyuma vyake na kutoweka. Aliacha shimo wazi. Mvua zilipokuja likajaa maji, na mtamba mmoja akateleza akiingia kunywa. Mwenye ng'ombe akamfuata kumvuta. Hakutoka yeye, wala mtamba.

Mkutano ulifanyika ndani ya kanisa lao la mabati. Mkurugenzi wetu wa wakati huo, mzee Gitau, alitutaka mimi na Odera twende kwa sababu kungekuwa na hesabu za kodi. Wanaume waliongea kuhusu kodi asubuhi nzima. Halafu akasimama mjane wa yule aliyezama, Nashipae, mama mwembamba wa rika langu, mtoto mgongoni.

"Nyinyi mtachimba, mtamaliza, mtaenda," alisema. "Kama yule."

Mzee Gitau akasimama pia, akavua kofia. "Mama, pole sana kwa yaliyokupata. Sisi si kama yule."

"Mimi sitaki pole. Pole nimepewa nyingi. Nataka pesa ya kuziba shimo iwekwe sasa, kabla hamjachimba. Na iwekwe mahali nyinyi hamwezi kufikia."

Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. Alibaki amesimama, mtoto akivuta shanga zake, mpaka kicheko kikaisha chenyewe. Mzee mmoja wa pale akasema kwa Kimaasai maneno ambayo sikuelewa, na wanaume wengine wakatikisa vichwa kukubali. Jioni mambo yalikuwa yameamuliwa.

Wakili aliandika hivi. Kampuni ingeweka pesa kwenye akaunti ya peke yake, na kuongeza kidogo kila mwaka. Sahihi zingekuwa mbili, moja ya kampuni na moja ya Nashipae kwa niaba ya familia. Pesa zisingetumika kwa jambo lolote isipokuwa kuziba mashimo yote mawili, lile la zamani na letu, uchimbaji ukiisha. Hata riba ingebaki humo humo.

Tukiwa ndani ya pikapu tukirudi, Odera alikung'uta vumbi la koti lake mpaka tukafika lami. Ndipo akasema, "Hizi mimi sitaziona zikifunguliwa. Wewe labda."

Nikaziandika kwenye mali ya muda mrefu, kwa mstari wake, na maelezo yake chini. Odera akastaafu, akaenda kwao Ugenya. Mzee Gitau akafariki. Mwanawe akashika kampuni, naye tukamwita Gitau vilevile. Kila mwaka nilifika Mashuuru kuonyesha familia kiasi kilichowekwa, na kila mwaka Nashipae aliniamkia kwa Kimaasai, kwa sauti ileile isiyo na haraka. "Takwenya." Nami nikaitikia, "Iko." Tulikunywa chai ya maziwa matupu, akauliza watoto wangu, nikauliza mvua. Sikuwahi kusema tulikuwa marafiki. Lakini nilijua mbuzi wake gani anazaa pacha.

Sasa sikilizeni huu mwaka mgumu.

Ujenzi ulikuwa umelala. Waliochukua kokoto kwa mkopo hawakulipa, na krasha, ile mashine ya kusaga mawe, ilikuwa ya kale, inaharibika kila baada ya siku mbili tatu. Gitau alitaka mkopo wa benki anunue nyingine. Benki ikasema sawa, ila kwanza ione mali yetu ya muda mfupi inazidi madeni ya muda mfupi kwa kiasi walichokitaja. Tulipiga hesabu. Hatukufika. Pesa za shimo zingesogezwa juu, zikaingia pamoja na pesa za benki, tungefika na ziada ibaki.

Gitau aliniita ofisini kwake, akafunga mlango mwenyewe. Niseme ukweli kumhusu: hakuwa mtu mbaya. Mume wangu alipolazwa ni yeye aliyepiga simu hospitali kwanza, kabla hata sijaomba. Ndiyo maana ilikuwa ngumu.

"Madam Ndunge, ni mstari tu," alisema. "Sisemi tuguse hata shilingi moja. Sogeza tu, mwaka huu mmoja."

"Benki itafikiri tunaweza kuzitumia."

"Ni pesa ama si pesa?"

"Ni pesa. Lakini si za kulipia benki. Wakitukopesha wakizihesabu, siku tukishindwa kulipa watazitafuta."

"Hatutashindwa."

"Bwana Gitau, kama tuna hakika hivyo, kwa nini tuzisogeze?"

Akakaa chini. Akasugua uso kwa viganja vyote viwili. "Sikia. Nisipopata mkopo wote, naondoa zamu ya pili. Yote. Hao ni watu wako pia. Unaishi nao, unaabudu nao. Utaenda kuwaambia ni kwa sababu ya mstari?"

Zamu ya pili nilikuwa naijua jina kwa jina, maana malipo yao yalipita kwangu. Mutiso alikuwa humo. Aliendesha tingatinga la kupakia mawe, na tulitoka naye lokesheni moja kule nyumbani. Mkewe, Syombua, aliimba sauti ya pili nami kwaya ya kanisa. Wakati mume wangu alipokufa ni Syombua aliyelala kwangu, akapika uji, akafua nguo za watoto bila kuambiwa. Nilijua kabisa zamu ya pili ni nani.

Nikamwambia Gitau siwezi.

"Basi nitaongea na mkaguzi mwenyewe," akasema. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Mkaguzi wa hesabu alikuja kutoka Nairobi wiki iliyofuata, mtu mzima aliyechoka kama mimi, tai imelegea. Alinikuta nikila githeri ya mahindi na maharagwe mezani. Alikuwa ameshaongea na Gitau. Akavuta kiti, akavua miwani.

"Madam, ungenisaidia sana kama ungekuwa mgonjwa leo."

"Hata mimi ingenisaidia," nikamwambia.

Akaniuliza yale mawili ambayo mtu yeyote wa kazi hii angeuliza. Tunaweza kuzitumia? Zitaachiliwa lini? Nikamjibu. Alitazama nje, lori zikigeuka kwenye vumbi. Mwishowe akarudisha miwani. "Basi zinakaa hapo zilipo," alisema, na akaniomba kijiko aonje githeri yangu.

Nilirudi kwa Gitau nikamwambia kitu kimoja kilichobaki ni kwenda benki na hesabu kama zilivyo, tuombe kidogo. Akaniambia basi mimi ndiye nitakayeongea. Tukaenda wawili. Kwenye ile ofisi ya benki yenye baridi nilieleza kila mstari, hata ule. Msichana wa mikopo alisoma maelezo ya chini, akasoma tena, akauliza nani huyu Nashipae. Nikamwambia. Akaandika kitu. Walitupa mkopo mdogo, wa kukarabati krasha ya zamani tu.

Zamu ya pili iliondolewa mwisho wa mwezi.

Gitau hakunifukuza. Alisema ofisi yangu inahitaji kupakwa rangi, nikahamishiwa meza ndogo kando ya stoo ya vipuri kwa muda. Mliokuja baadaye mlinikuta hapo, mkadhani napenda harufu ya grisi. Muda ule ulikuwa mrefu.

Hilo nililistahimili. La Syombua ndilo lililonichosha. Habari zilikuwa zimefika Kitengela kabla yangu, na zilikuwa na ukweli wa kutosha: Ndunge amekataa kusaini, watu wamepoteza kazi. Jumapili ile alisimama upande wa pili wa kwaya, akahamia sauti ya kwanza, sauti ambayo hakuiweza. Aliimba akikwaruza. Sikumlaumu. Mutiso aliuza pikipiki, akafanya vibarua vya kupakua simiti, kisha akapata kuendesha lori la maji. Mtoto wao mkubwa alikaa nyumbani mwaka mmoja asiende chuo. Niliwapelekea mchango kupitia kwa mama mchungaji bila jina. Ukarudishwa kupitia kwa mama mchungaji. Jina lilijulikana.

Mtauliza kama nilikuwa sahihi. Mwaka uliofuata hali ilizidi. Tulishindwa kulipa hata ule mkopo mdogo kwa miezi kadhaa, na benki ikakata pesa kwenye akaunti zetu za kawaida mpaka tukanunua dizeli kwa pesa za mfukoni mwa Gitau. Pesa za shimo hazikuguswa. Sitajisifu kwamba ni mstari wangu uliozilinda. Mkataba ndio uliozilinda. Lakini msichana yule wa mikopo hangeweza kusema hakujua, wala sisi hatukuwa na uongo wa kuficha. Siku ile ya dizeli Gitau alikuja pale stoo, akasimama kati ya matairi, akasema, "Tungekuwa kwa korti sasa." Akaondoka. Kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Kampuni ikasimama tena, kwa kuchechemea. Mawe ya Mashuuru yakaisha mapema kuliko wataalamu walivyosema. Uamuzi ukapitishwa kwamba mashimo yazibwe katika mwaka unaokuja, na nilipofunga vitabu mwaka ule, nilizitoa pesa zile kwenye mali ya muda mrefu nikazipandisha kwenye mali ya muda mfupi, bado kwa mstari wake. Ni kazi ya dakika chache kwenye kompyuta. Nilipomaliza nilikaa tu. Gitau alipopitia hesabu akaona.

"Kumbe zinasogea," akasema.

"Zinasogea wakati wake ukifika."

Nashipae alikuja benki Kajiado kutia sahihi, akiwa na bintiye, yule aliyekuwa mgongoni kanisani, sasa mwalimu wa shule ya msingi. Tulitia sahihi mimi, kwa niaba ya kampuni, na yeye kwa kalamu ya kaunta iliyofungwa kwa uzi mfupi, kwa hiyo ilibidi tuinamishe vichwa pamoja. Alinukia moshi na maziwa.

Kuziba kulichukua muda, maana maji yalipaswa kutolewa kwanza, na udongo kuletwa. Nilienda siku walipomaliza lile shimo la zamani. Palionekana pabaya, kusema kweli. Udongo mwekundu, hauna jani, alama za magurudumu kila mahali. Nashipae alitembea polepole mpaka katikati akasimama. Hakuna aliyemfuata. Upepo ulipiga shuka yake. Aliporudi alinishika mkono, si kwa kunisalimia, bali kama mtu anayeshika kitu asianguke.

"Alikuwa pale," akasema. "Si katikati. Kando kidogo."

Tukasimama mpaka akaniachia mkono.

Nilistaafu miezi michache baadaye. Mlinifanyia keki, mkaniandikia jina vibaya, asanteni. Wiki ile ile nilifanya jambo nililokuwa nimeliahirisha. Nilinunua sukari na majani ya chai, nikaenda kwa akina Mutiso, nyuma ya soko. Syombua alifungua mlango. Alinitazama kwa muda, kisha akasogea kando nipite. Mutiso alikuwa amekaa, mguu juu ya stuli, mgongo umemwisha kwa sababu ya kupakua simiti. Tuliongea habari za nyumbani, nani amezikwa, mto gani umekauka. Syombua akaleta chai, akaketi na sisi.

Mutiso alizungusha kikombe chake mezani.

"Ndunge, nikuulize. Wakati ule, ulijua ni mimi nitaenda?"

Ningeweza kusema nilijua ni zamu ya pili tu. Ingekuwa karibu na ukweli, na wote watatu tungelala vizuri.

"Nilijua," nikasema. "Nilijua jina lako na la kila mmoja."

"Na ukaandika vilevile."

"Nikaandika vilevile."

Nje watoto wa jirani walikuwa wakigombania mpira. Nilifikiri nitaambiwa niondoke, na nikaanza kutafuta mkoba wangu kwa mguu chini ya kiti. Syombua akainuka, akachukua kikombe changu kilichokuwa bado nusu, akakijaza hadi juu.

"Kaa," alisema. "Mvua inakuja, na umekuja bila mwavuli."